Kuunda Seva ya Barua Pepe ya Wavuti: Chama cha Kiswahili na Hifadhi ya Barua Zake katika Bonde la Ufa

Utangulizi

Chama cha Kiswahili katika chuo kikuu huishi kwa barua. Wito wa makala, mashairi ya wanafunzi, maoni ya wahakiki, mialiko ya makongamano na kumbukumbu za mikutano, yote hayo siku hizi hupitia barua pepe. Hata hivyo, aghalabu barua hizo hukaa katika akaunti ya kibinafsi ya katibu, akaunti aliyoifungua kwa kampuni ya ng'ambo. Katibu anapohitimu huondoka na neno la siri, nalo neno la siri huondoka na miaka kadhaa ya historia ya chama. Katibu mpya hufungua akaunti nyingine, na waandishi waliotuma kazi zao kwa anwani ya zamani husubiri majibu yasiyokuja.

Makala haya yananuia kufafanua namna seva ya barua pepe ya wavuti inavyoundwa juu ya mfumo endeshi wa jamii ya Unix, na kuonyesha kwamba kazi hiyo si ya wanasayansi wa tarakilishi peke yao. Mfano unaotumiwa ni wa chama cha kubuni cha Kiswahili katika chuo kikuu kilicho eneo la Njoro, karibu na jiji la Nakuru. Hoja kuu ni moja: anayemiliki sanduku ndiye anayemiliki kumbukumbu, na lugha isiyotunza barua zake itaandikiwa historia na wengine. Wahenga walisema kuwa cha kuazima hakistiri maungo.

Maana ya Istilahi

Kabla ya kusonga mbele, yafaa istilahi tatu zielezwe. Seva ni tarakilishi, au programu iliyomo ndani ya tarakilishi, ambayo kazi yake ni kungoja maombi ya tarakilishi nyingine na kuyatimiza. Haihitaji kuwa mashine kubwa. Tarakilishi ya kawaida ya mezani iliyokwisha kustaafishwa ofisini yaweza kuhudumia chama cha watu mia moja bila taabu.

Mifumo ya jamii ya Unix ni ile iliyotokana na Unix au kuiga mwenendo wake. Unix yenyewe ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kiini cha Linux kilitolewa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilhali FreeBSD na Debian zilianza mwaka 1993. Mifumo hii mitatu ni ya chanzo huria: yeyote aweza kuipakua, kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kulipia leseni. Hata Hotmail, huduma iliyozinduliwa mwaka 1996 na kuwazoesha watu wengi kusoma barua kupitia kivinjari, ilitumia FreeBSD katika miaka yake ya kwanza.

Barua pepe ya wavuti, basi, ni ile ambayo msomaji huifikia kwa kivinjari popote alipo, pasipo kusakinisha programu maalum katika tarakilishi yake. Mwanafunzi anayetumia tarakilishi ya maktaba asubuhi na simu yake jioni huona sanduku lile lile, kwa kuwa barua zimebaki katika seva.

Safari ya Barua kutoka Nakuru

Umuhimu wa kuwa na seva iliyo karibu unabainika mtu anapotazama njia ambazo barua za eneo hili zimepitia. Kituo cha satelaiti cha Longonot, kilicho katika Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970, nacho kikawa lango la mawasiliano ya Kenya na ulimwengu wa nje. Intaneti ilipoingia nchini katika miaka ya 1990, mawasiliano yake na ng'ambo yaliendelea kutegemea satelaiti. Watoaji wa huduma wa humu nchini hawakuwa wameunganishwa wao kwa wao. Kwa hivyo, barua iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja mjini Nakuru kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini Nairobi iliweza kupanda hadi satelaiti, ikashuka ng'ambo, kisha ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Satelaiti za aina hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Barua iliyopaswa kusafiri kilomita 160 hivi ilitembea zaidi ya 140,000, na nchi ikalipia safari hiyo kwa fedha za kigeni.

Ili kuondoa mzunguko huo, watoaji wa huduma walianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, jijini Nairobi mwaka 2000. Kilifungwa mwaka uo huo kwa amri ya Tume ya Mawasiliano ya Kenya, kikarejea kazini mwaka 2002. Vyuo vikuu navyo vilikuwa vimepata mtandao wao, KENET, ulioanzishwa mwaka 1999. Kisha mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na utegemezi wa satelaiti ukapungua sana.

Hivi leo, basi, njia ipo. Barua inaweza kutoka Njoro hadi Nairobi bila kuvuka mpaka. Lakini iwapo mwandishi na mpokeaji wote wawili wanatumia akaunti za kampuni za ng'ambo, barua yao ya Kiswahili, iliyoandikwa Njoro na kusomwa Nairobi, huhifadhiwa kwa masharti yaliyoamuliwa na wengine. Masharti hayo hubadilika. Mwaka 2021 Google ilitangaza kuwa taasisi za elimu hazingepewa tena hifadhi isiyo na kikomo, na kuanzia Julai 2022 zikawekewa kiwango cha msingi cha terabaiti 100 kwa kila taasisi. Kiwango hicho ni kikubwa, lakini uamuzi haukuwa wa taasisi zenyewe.

Watumishi Wanne wa Posta

Seva ya barua pepe ya wavuti hueleweka kwa urahisi ikilinganishwa na posta. Barua ya karatasi inayoandikiwa Egerton huonyesha sanduku la posta na msimbo 20115. Ya Nakuru mjini 20100, ya Naivasha 20117, ya Molo 20106. Mpanga barua hahitaji kumjua mpokeaji. Hutazama msimbo na kuipeleka barua kwenye ofisi inayohusika. Katika barua pepe, kazi ya msimbo hufanywa na sehemu inayofuata alama ya @, ambayo huitwa kikoa. Orodha ya kuonyesha kila kikoa kinahudumiwa na seva ipi hutunzwa katika mfumo wa majina ya vikoa, unaojulikana kwa kifupi kama DNS.

Ndani ya seva yenyewe mna watumishi wanne. Wa kwanza ni mchukuzi, ambaye hupokea barua kutoka nje na kuzipeleka zile zinazotoka. Itifaki anayoifuata, SMTP, iliratibiwa na Jon Postel mwaka 1982. Programu ya Postfix, iliyotungwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, hufanya kazi hii vyema. Mtumishi wa pili ni mtunza masanduku. Yeye hamfungulii mtu sanduku ila amethibitisha neno lake la siri, na hutumia itifaki ya IMAP. Dovecot, programu iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Ufini mwaka 2002, imeenea sana katika nafasi hii. Wa tatu ni bawabu wa wavuti, yaani Apache au nginx, ambaye hupokea maombi ya vivinjari. Wa nne ni karani wa dirishani, anayeonekana na mtumiaji: yeye huonyesha orodha ya barua, humpa mtu karatasi ya kuandikia, na huchukua viambatisho. Katika miaka ya 2000 kazi hii ilifanywa na programu kama SquirrelMail. Leo Roundcube, iliyoanzishwa mwaka 2005, ndiyo inayotumika katika taasisi nyingi.

Ni muhimu kutambua kuwa karani wa dirishani hatunzi barua. Kila mtumiaji anapobofya, karani humwendea mtunza masanduku, akamwomba barua, akaileta dirishani. Kwa hivyo chama kinaweza kubadilisha karani bila kupoteza hata barua moja.

Hatua za Usanidi

Hatua ya kwanza ni jina. Kikoa cha Kenya, .ke, kilianza mwaka 1993, na hivi sasa husimamiwa na shirika la KENIC. Vyuo hutumia .ac.ke na mashirika yasiyo ya kibiashara .or.ke. Chama kilicho ndani ya chuo chaweza kukiomba chuo kipande cha kikoa chake, mathalani kiswahili.mfano.ac.ke. Baada ya jina kupatikana, rekodi mbili huandikwa katika DNS: moja inayotaja anwani ya nambari ya seva, na nyingine, iitwayo MX, inayotangaza kuwa barua za kikoa hicho zipelekwe kwenye seva hiyo.

Anwani hiyo ya nambari sharti iwe ya kudumu. Aidha, mtoaji wa mtandao huombwa aandike rekodi ya kinyume, yaani ile inayotoka kwenye nambari kwenda kwenye jina. Rekodi hii huitwa PTR, na bila hiyo seva nyingi za nje huikataa barua mlangoni.

Hatua ya pili ni kusakinisha mfumo endeshi na programu. Katika Debian, msimamizi huandika amri moja:

apt install postfix dovecot-imapd apache2 roundcube

Programu nyingine zinazohitajika, zikiwemo PHP na hifadhidata ya kutunzia mipangilio ya watumiaji, huja pamoja nazo.

Hatua ya tatu ni kumpa mchukuzi maagizo. Faili la /etc/postfix/main.cf lina mistari mitatu isiyopuuzwa. Mstari wa myhostname hutaja jina kamili la seva. Ule wa mydestination hutaja vikoa ambavyo barua zake hukomea hapo. Wa tatu, mynetworks, hutaja tarakilishi zinazoruhusiwa kutuma barua kupitia seva bila kuulizwa neno la siri. Mstari huu ukiachwa wazi kwa ulimwengu wote, seva hugeuka posta ya matapeli: ndani ya muda mfupi hutumiwa kusambaza barua taka, na kikoa cha chama huorodheshwa miongoni mwa vikoa viovu. Kwa seva ya chama, inatosha kuruhusu seva yenyewe peke yake, na watumiaji wengine wote wathibitishwe.

Hatua ya nne ni kukubaliana kuhusu mahali pa kuhifadhia barua. Mtindo wa Maildir huweka kila barua katika faili lake, ndani ya saraka ya mwenye sanduku. Postfix huagizwa kwa mstari home_mailbox = Maildir/, na Dovecot huelekezwa kwenye saraka iyo hiyo. Kosa la kawaida hutokea hapa: mchukuzi huweka barua mahali pamoja, mtunza masanduku akazitafuta kwingine. Mtumiaji huona sanduku tupu ilhali barua zake zimefika salama.

Hatua ya tano ni kufungua masanduku. Msimamizi asifungue masanduku kwa majina ya watu tu, bali kwa nyadhifa: katibu, mhariri, mwekahazina. Uongozi unapobadilika, neno la siri hubadilishwa, nalo sanduku hubaki. Ni kitendo cha dakika moja, lakini ndicho kinachotatua tatizo lililotajwa katika utangulizi.

Hatua ya sita ni usiri. Mazungumzo kati ya kivinjari na seva sharti yasimbwe, ama sivyo neno la siri laweza kusomwa na yeyote aliye katika mtandao wa bweni. Vyeti vya usalama, vilivyokuwa vikinunuliwa kwa bei ghali katika miaka ya 2000, hutolewa bila malipo na Let's Encrypt tangu miaka ya 2015 na 2016.

Hatua ya saba ni kuthibitisha uhalali. SPF hutangaza katika DNS ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. DKIM huitia kila barua sahihi ya kidijitali. DMARC humweleza mpokeaji la kufanya iwapo ukaguzi umeshindwa. Tangu Februari 2024, Google humtaka kila anayetuma barua kwa akaunti za Gmail awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe na zote tatu. Chama kisichotimiza haya kitatuma wito wa makala, na wito huo utaishia katika kapu la barua taka.

Kiswahili ndani ya Seva

Mtaalamu wa Kiswahili ana nafasi gani katika kazi hii? Ipo, nayo ni pana.

Kwanza ni suala la herufi. SMTP ya mwaka 1982 ilibuniwa kwa seti ndogo ya alama 128 zilizotosha Kiingereza. Kiswahili cha herufi za Kirumi kilibahatika, kwa kuwa hakina alama za juu wala za chini ya herufi. Tatizo lake pekee ni ng'. Programu nyingi za kuandikia hubadilisha kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda, nacho hakimo katika seti ile. Katika usimbaji wa UTF-8, ulioasisiwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, kibainishi kilichopinda huchukua baiti tatu. Seva au kivinjari kikizisoma baiti hizo kwa usimbaji mwingine, ng'ombe hugeuka ngâ€™ombe. Kwa yule anayetaka kutuma nakala ya utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, UTF-8 haina mbadala. Roundcube hutumia UTF-8.

Pili ni lugha ya dirishani. Roundcube huweka maneno yake mbali na msimbo wa programu: kila lugha ina saraka yake yenye majedwali, upande mmoja jina ambalo programu hulitambua, upande wa pili neno ambalo msomaji huliona. Hapahitajiki ujuzi wa kuandika programu. Kinachohitajika ni ujuzi wa lugha. Jambo hili lina kielelezo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Tafsiri hiyo si ya kulinganisha maneno tu. Lugha ambayo kivumishi chake hakibadiliki huweza kuandika neno moja la sifa na kulitumia kote. Katika Kiswahili, barua huwa mpya, sanduku huwa jipya, na kiambatisho huwa kipya. Mfasiri sharti ajue neno hilo litatokea kando ya nomino gani. Hali kadhalika, taarifa ya kufuta yahitaji sura mbili: barua 1 imefutwa, barua 5 zimefutwa. Zaidi ya hayo pana uteuzi wa istilahi. Je, iandikwe tarakilishi au kompyuta, neno la siri au nywila, kisanduku au kikasha? Mjadala huu umejaza kurasa nyingi za majarida ya Kiswahili. Seva ya chama huuhamisha kutoka kwenye karatasi na kuutia katika matumizi ya kila siku, ambako istilahi ifaayo huzoeleka na isiyofaa huachwa.

Changamoto

Haitakuwa haki kuisifu kazi hii bila kutaja mizigo yake. Umeme hukatika. Hata hivyo, hofu ya kupoteza barua kwa sababu hiyo ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Seva inayotuma ikikuta mlango umefungwa haiitupi barua. Huiweka foleni na kujaribu tena. Postfix, kwa kawaida, huendelea kujaribu kwa siku tano. Stima ikirejea Njoro kesho yake, barua zitaingia.

Hatari kubwa zaidi ni uzembe. Programu zisiposasishwa, wavamizi hupenya kupitia dosari zilizokwisha kutangazwa hadharani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vilevile diski huharibika, kwa hivyo nakala rudufu ihifadhiwe katika jengo jingine, na mara kwa mara ijaribiwe kurejeshwa. Seva huandika daftari la matukio, ikionyesha kila barua iliyoingia, iliyotoka na iliyokataliwa. Daftari hilo lisiposomwa, hitilafu hugunduliwa baada ya madhara kutokea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna pia wajibu wa kisheria. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, anayetunza taarifa za watu nchini Kenya anawajibika kuzilinda. Msimamizi wa seva ana uwezo wa kufungua sanduku la mtu. Chama sharti kiweke kanuni inayomzuia kufanya hivyo.

Mwisho ni urithi wa ujuzi. Seva inayoeleweka na mtu mmoja tu haitofautiani na akaunti ya kibinafsi, kwani mtu huyo naye atahitimu. Kila hatua iandikwe, kwa Kiswahili, na kila mwaka wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wafunzwe na wale wanaoondoka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa seva ya barua pepe ya wavuti ni watumishi wanne wanaosaidiana, na kwamba programu zote zinazohitajika zapatikana bila malipo. Gharama yake halisi ni anwani ya kudumu, mashine, umeme, na zaidi ya yote uangalifu wa kila wiki. Chama kisichoweza kujitolea uangalifu huo ni heri kibaki na huduma ya chuo chake, mradi masanduku yafunguliwe kwa nyadhifa na nakala za barua zihifadhiwe. Kwa chama kinachoweza, faida ni mara mbili: kumbukumbu zake hubaki nyumbani, na wanachama wake hupata mahali pa kutumia Kiswahili katika teknolojia badala ya kuzungumzia tu haja ya kukitumia.